Algoriti na Sarufi ya Kiswahili: Mafunzo Kutokana na Maisha ya Kitaaluma ya Arvi Hurskainen



1.0 Utangulizi

Neno algoriti linatokana na jina la mtu. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alikuwa mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na vitabu vyake vilipotafsiriwa kwa Kilatini, jina lake liligeuka kuwa jina la utaratibu wa kukokotoa. Kwa hiyo neno hili si geni kabisa katika ujirani wa Kiswahili. Maneno hesabu na sifuri yalikuja katika lugha hii kutoka Kiarabu kilekile alichokiandikia mwanahisabati huyo.

Kwa maana yake ya leo, algoriti ni orodha ya hatua zenye kikomo, zilizoelezwa waziwazi kiasi kwamba anayezifuata hahitaji kukisia lolote. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayomhusu mwanaisimu. Kitabu cha sarufi huandikwa kwa ajili ya msomaji mwenye akili, ambaye hujaza mwenyewe mapengo yaliyoachwa na mwandishi. Kompyuta haijazi pengo. Hutenda ililoambiwa, na pale ambapo haikuambiwa kitu, hukwama au hukosea.

Mhadhara huu unachunguza maisha ya kitaaluma ya msomi mmoja aliyetumia miongo kadhaa kubuni algoriti za Kiswahili na kuzitumia, naye ni Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Hoja kuu ni kwamba kubuni algoriti ya lugha ni kazi ya sarufi, tena ya sarufi iliyokubali kupimwa. Kutokana na hoja hiyo linazuka swali linalovihusu vyuo vya Afrika Mashariki moja kwa moja: je, kazi hiyo iachiwe wahandisi peke yao, au idara za Kiswahili nazo zina sehemu yake?

2.0 Njia ya Kuingilia Taaluma

Hurskainen hakuanza na kompyuta. Tasnifu yake ya udaktari, iliyochapishwa mwaka 1984, ilihusu ng'ombe na utamaduni miongoni mwa Waparakuyo, wafugaji wa Tanzania wasemao Kimaasai. Ilikuwa kazi ya kianthropolojia. Katikati ya miaka ya 1980 ndipo alipogeukia swali jipya: je, mashine inaweza kufundishwa kuchambua neno la Kiswahili?

Ili kuelewa kwa nini swali hilo lilipata jibu Helsinki, hapana budi kutazama lugha ya Ufini yenyewe. Kiingereza, ambacho programu nyingi za awali zilitungwa kwa ajili yake, kina maumbo machache ya kila neno. Katika lugha ya namna hiyo mtu anaweza kuorodhesha maneno yote na kazi ikaishia hapo. Kifini hakiwezekani hivyo, kwa kuwa nomino moja hupokea viambishi tamati vingi vinavyofuatana. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi, mwanaisimu wa chuo hichohicho, aliwasilisha tasnifu iliyopendekeza mofolojia ya ngazi mbili. Katika nadharia hiyo, ngazi ya kwanza ni ya umbo la ndani la neno, yaani mofimu zake. Ya pili ni ya umbo la nje, yaani herufi zinavyoandikwa. Kanuni hueleza uhusiano wa ngazi hizo kwa wakati mmoja, bila kupitia hatua za katikati. Aidha, kanuni zilezile hutumika kuchambua neno na kulizalisha.

Kilichokifaa Kifini na viambishi tamati vyake kilielekea kukifaa Kiswahili na viambishi awali vyake. Mtu akichukua viambishi 6 vya nafsi vya kiima (ni, u, a, tu, m, wa), njeo 4 (na, li, ta, me), na viambishi 5 vya yambwa (ni, ku, m, tu, wa) pamoja na nafasi tupu ya yambwa, atapata maumbo 144 ya kitenzi kimoja kama pika, yakiwemo machache ambayo maana hayaruhusu. Hiyo ni kabla ya kuongeza ngeli nyingine, ukanushi, urejeshi na minyambuliko. Hakuna kamusi iwezayo kuyaorodhesha yote, wala hakuna haja. Kinachotakiwa ni kanuni.

Hurskainen alieleza matokeo ya kwanza katika makala ndefu ya mwaka 1992, katika toleo la kwanza la jarida la Kinordiki la taaluma za Afrika. Kichambuzi hicho kilipewa jina SWATWOL. Baadaye kiliingizwa katika mfumo mpana zaidi, SALAMA, jina ambalo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza lakini pia ni neno ambalo kila Mswahili analijua. Wakati huohuo, kati ya mwaka 1988 na 1992, Chuo Kikuu cha Helsinki na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilishirikiana kukusanya lahaja na fasihi simulizi za Waswahili. Kazi ya mezani ilikwenda sambamba na kazi ya uwandani.

3.0 Kazi ya Kubuni: Kanuni Mbele ya Mashine

Ni nini hasa hufanywa na mtu anayebuni algoriti ya mofolojia? Mifano ifuatayo inaonyesha aina tatu za ugumu.

3.1 Mabadiliko ya sauti

Kanuni nyingine ni nyepesi. Katika kauli ya kutendea, mzizi wenye irabu a, i au u hupokea i: pakia, pikia, rukia. Mzizi wenye e au o hupokea e: chekea, somea. Kanuni ya pili si ngumu sana: katika chukua na ondoa kuna l isiyoonekana, ambayo hujitokeza katika chukulia na ondolea. Vivyo hivyo ulimi huzaa ndimi, na kivumishi -refu huzaa ndefu, kwa kuwa l na r hugeuka d baada ya n.

Ugumu huanza pale kanuni inapodai mpaka. Kiambishi wa kikikutana na i huungana nayo kuwa e: wengi, wezi. Basi kwa nini wingi wa mwimbaji ni waimbaji, wala si wembaji? Mwanafunzi aweza kujibu kwamba mwimbaji ni nomino iliyotokana na kitenzi. Lakini mwizi naye ametokana na kitenzi iba. Jibu hilo, ambalo lingepita bila kuhojiwa darasani, linaanguka mara tu linapoandikwa kama kanuni ya mashine. Mbunifu hulazimika kuamua: ama atafute sharti lililo sahihi zaidi, ama akiri kwamba neno hili ni la kipekee na kuliwekea alama yake katika leksikoni. Kila uamuzi wa namna hiyo ni dai la kisarufi.

3.2 Mofimu zinazotegemeana kwa mbali

Mfano wa pili unahusu ukanushi. Katika hakupenda, ku ni alama ya wakati uliopita. Katika hakupendi, ku ni yambwa, yaani wewe. Kinachotenganisha maana hizi mbili ni irabu iliyo mwishoni mwa neno, mbali na ku yenyewe. Na katika hakukupenda ziko ku mbili, kila moja na kazi yake. Mashine isomayo kutoka mwanzo wa neno hadi mwisho haiwezi kuamua inapofika kwenye ku. Inabidi ishike uwezekano wa aina mbili mpaka ifike kwenye kiishio. Mzungumzaji hufanya hivyo bila kujijua. Mbunifu hana budi kulieleza.

3.3 Utata wa kweli

Sasa neno hakusamehe lizingatiwe. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu kama samehe, jibu na dharau havibadilishi irabu yao ya mwisho katika ukanushi. Kwa hiyo ile tofauti kati ya hakupenda na hakupendi haipo tena. Hakusamehe ni mtu ambaye hakutoa msamaha jana; pia ni mtu ambaye hakusamehe wewe leo. Hakujibu ni hivyohivyo. Maneno haya hutamkwa kila siku, na wasikilizaji huelewa kwa muktadha, wala utata huo hauwashtui. Lakini kichambuzi kilichoandikwa vizuri hutoa majibu mawili, na katika kutoa majibu hayo humwonyesha mwanaisimu jambo ambalo huenda amelipita kwa miaka mingi: ukopaji wa maneno ulibadilisha pia uwezo wa mfumo wa ukanushi kutofautisha maana.

Hapo ndipo faida ya kwanza ya taaluma hii inapoonekana. Algoriti haichoki kuuliza, na haioni haya kuonyesha kosa la aliyeitunga.

4.0 Kutoka Neno Hadi Matini

Kichambuzi kinachotoa majibu mawili au matatu kwa neno moja hakijamaliza kazi. Hatua ifuatayo ni kuondoa utata kwa kutumia muktadha. Hapa Hurskainen alitumia nadharia nyingine iliyozaliwa Helsinki, yaani sarufi ya vizuizi iliyopendekezwa na Fred Karlsson mwaka 1990. Wazo lake ni hili: badala ya kuchagua jibu sahihi moja kwa moja, sarufi huondoa majibu yasiyowezekana, lakini haiondoi kamwe jibu la mwisho lililobaki.

Upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili ni msaada mkubwa katika kazi hii. Neno paa ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, tena ni kitenzi. Katika paa wa msituni, kiunganishi wa huondoa paa la nyumba. Katika paa la nyumba limevuja, la na li huondoa mnyama. Kile ambacho wageni wengi wanaojifunza Kiswahili hukiona kuwa mzigo, yaani ngeli, kwa mashine huwa taa ya njiani.

Matunda ya kazi hii yalionekana katika nyanja kadhaa. Kwanza ni leksikografia. Mwaka 1994 Hurskainen alichapisha makala iliyoijaribu Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwa msaada wa kompyuta, na mwaka 2002 alichapisha, kwa Kiswahili, tathmini ya kamusi tano za Kiswahili. Mbinu hiyo ni rahisi kueleza. Mashine hupunguza kila neno la matini hadi mzizi wake, kisha hulinganisha mizizi hiyo na vidahizo vya kamusi. Maneno yanayotumiwa na watu lakini hayamo kamusini hujitokeza yenyewe, na vidahizo visivyopatikana katika matini yoyote hujitokeza pia. Mtunga kamusi hupata ushahidi badala ya kutegemea kumbukumbu yake peke yake.

Pili ni koposi, yaani hazina ya matini iliyopangwa kwa ajili ya uchunguzi. Koposi ya Kiswahili ya Helsinki ilitolewa mwaka 2004 ikiwa na maneno takribani milioni 12.5, na toleo la pili la mwaka 2016 lina takribani milioni 25. Kila neno limewekewa uchambuzi wake. Mtafiti anayetaka kujua jinsi kiambishi cha urejeshi kinavyotumika magazetini hahitaji tena kusoma magazeti ya miaka kumi akiwa na kalamu mkononi.

Tatu ni lugha nyingine za Kibantu. Mwaka 2001 Hurskainen na Riikka Halme walichapisha makala juu ya Kikwanyama, lugha ya Namibia na Angola ambayo huandika mofimu za kitenzi kwa kuzitenganisha, tofauti na Kiswahili kinachoziunganisha. Walionyesha jinsi ya kuvuka kutoka mwandiko wa aina moja kwenda wa aina nyingine. Kwa hiyo utaratibu uliojengwa kwa lugha moja uliweza kuwa daraja la kuifikia jirani yake.

5.0 Mabadiliko ya Zama na Mipaka ya Kanuni

Haitakuwa haki kueleza mafanikio na kunyamazia mipaka. Sentensi mtoto anapanda mti itazamwe. Je, anaukwea au anauotesha? Ngeli haisaidii, kwa maana nomino ni ileile na upatanisho ni uleule. Njeo haisaidii. Kinachosaidia ni ujuzi wa dunia: sentensi iliyotangulia ilitaja jembe au ilitaja maembe? Kanuni za sarufi, hata zikiwa nyingi kiasi gani, hazikuundwa kubeba ujuzi wa namna hiyo.

Ni kwa sababu hiyo, miongoni mwa nyingine, mbinu za kujifunza kutokana na data zilipata nguvu. Katika mbinu hizo hakuna anayeiandikia mashine kanuni. Mashine hupewa matini nyingi na kutafuta mielekeo yenyewe. Mwaka 2006 Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Wagacha, huyu wa mwisho akiwa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha utafiti wa kuainisha maneno ya Kiswahili kwa njia hiyo. Mwaka 2009 huduma ya tafsiri ya Google iliongezewa Kiswahili. Mwaka 2017 ulipendekezwa muundo mpya wa mitandao ya niuroni ambao ndio msingi wa mifumo mikubwa ya lugha inayotumika leo. Na mwaka 2019 watafiti wa Kiafrika walianzisha ushirika wa Masakhane ili lugha za bara hili zishughulikiwe na watu wake wenyewe. Seti ya data waliyoitoa mwaka 2021 kwa ajili ya kutambua majina katika matini ilihusisha lugha 10 za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo.

Je, basi, kazi ya miongo ya kuandika kanuni ilipotea bure? Wapo wanaofikiri hivyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Kanuni huandikwa polepole. Hutegemea watu wachache wenye ujuzi wa pande mbili, na mtu akistaafu, ujuzi wake waweza kuondoka naye. Mitandao ya niuroni, kwa upande mwingine, hutoa Kiswahili chenye mtiririko ambao mifumo ya kanuni haikuufikia, na kwa kawaida hutanzua ule utata wa panda kwa kuangalia maneno ya jirani.

Hata hivyo, mambo matatu yanastahili kupimwa kabla ya hukumu kutolewa. La kwanza ni historia yenyewe. Utafiti wa mwaka 2006 ulitumia Koposi ya Helsinki kuifundisha mashine. Uchambuzi uliomo katika koposi hiyo ulitokana na kanuni za SALAMA. Kwa maneno mengine, mashine iliyojifunza bila kuandikiwa sarufi ilikuwa mwanafunzi wa mwanasarufi.

La pili ni uwajibikaji. Mfumo wa kanuni unapokosea, mtu hufungua kanuni, huona kosa lilipo, na hulirekebisha. Mtandao wa niuroni unapokosea, kosa limetawanyika katika namba zisizohesabika kwa urahisi, na dawa ya kawaida ni kuongeza data. Kiswahili, kwa mfano, hakitofautishi jinsia katika kiambishi a. Mashine inapotafsiri amefika daktari kwa lugha inayotofautisha mume na mke, na hakuna cha kuiongoza katika muktadha, hukisia kwa kufuata mazoea ya matini ilizolishwa. Mwanasarufi angeiambia: hapa lugha haikusema.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni suala la lugha zenye matini chache. Kiswahili kina magazeti, vitabu, redio, mabunge na wasemaji walioenea nchi nyingi. Lugha nyingi za Kibantu zinazokizunguka hazina utajiri huo wa maandishi, na mbinu inayohitaji mamilioni ya maneno haiwezi kuanza kazi pasipo maneno hayo. Kanuni zinaweza kuanza na msemaji mmoja mwenye subira, mwanaisimu mmoja na daftari. Sarufi iliyoelezwa waziwazi ndiyo data ya lugha isiyo na data.

6.0 Hitimisho

Maisha ya kitaaluma yaliyoelezwa hapa yalianzia kwenye maboma ya wafugaji na kufika kwenye kanuni za kompyuta. Njia hiyo haikupotoka. Mwanaanthropolojia huandika yale ambayo jamii huyafanya bila kuyaeleza. Mbunifu wa algoriti ya lugha huandika yale ambayo wasemaji huyajua bila kuyaeleza. Kazi zote mbili hudai usikivu na unyenyekevu mbele ya ushahidi.

Kuna mafunzo mawili kwa wanafunzi wa Kiswahili. Kwanza, tasnifu inayodai kueleza kanuni za uambishaji ingefaa ipimwe dhidi ya matini halisi, na kipimo hicho kiripotiwe pamoja na makosa yake. Kanuni inayofaulu kwa mifano kumi iliyochaguliwa na mtunzi wake bado ni dhana tu. Pili, elimu ya kompyuta isichukuliwe kuwa mali ya kitivo kingine. Mhandisi anaweza kuifanya programu iende kwa kasi, lakini si kazi yake kujua kwamba waimbaji ni sahihi na wembaji si sahihi, wala kwa nini.

Kwa walimu na wakuu wa idara, somo ni la kitaasisi. Moja kati ya maelezo yenye kina zaidi ya mofolojia ya Kiswahili yaliyowahi kuandikwa kwa ajili ya mashine yalitoka katika chuo kilicho karibu na Bahari ya Baltiki. Jambo hilo si aibu kwa yeyote. Elimu haina mwenyewe, na ushirikiano wa miaka ile kati ya Helsinki na Dar es Salaam ni ushahidi wa nia njema. Hata hivyo, chuo cha mbali hakiwezi kuwa mlinzi wa kudumu wa lugha ya wengine. Profesa hustaafu, ufadhili hukoma, na programu isiyo na wa kuitunza huchakaa upesi kuliko kitabu. Kanuni za hakupenda na hakupendi zitahitaji kuandikwa upya kwa kila kizazi cha mashine, na kupimwa upya kwa kila kizazi cha wasemaji. Anayefaa zaidi kwa kazi hiyo ni yule aliyelelewa ndani ya lugha, akaisoma sarufi yake, na akajifunza kuieleza hatua kwa hatua pasipo kuacha pengo la kukisia.